Sahani Niliyoiacha Kwenye Joto

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza alipokuja kwenye maabara yetu ndogo ya Lodwar. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kazi pale; yeye, msichana wa Kakuma, hata koti jeupe lilikuwa bado linampwaya. Lakini alijua kumchoma jogoo sindano chini ya bawa na kutoa damu bila ndege kupiga kelele. Mimi majogoo walinichafua kila mara.

Damu hiyo ndiyo kipimo chetu. Kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tunachanganya chembe za damu ya kuku na virusi vya mafua vya wagonjwa wa Kakuma, vilivyokuzwa na kuzimwa nguvu ya kuambukiza huko Nairobi. Virusi vikizishika chembe, wekundu unatanda kishimo kizima. Visipozishika, zinazama na kuwa kidoa. Ila joto la Lodwar halina adabu: sahani ikikaa nje, virusi huziachilia chembe, zikazama kana kwamba hazikuwahi kushikwa. Kwa hiyo sahani tunaziweka kwenye friji.

Mwaka jana ikaja nafasi moja ya mafunzo Nairobi, kutumia vioo vilivyopangwa vidoa vya sukari kama zile za juu ya seli za koo, kuona virusi vinashika ipi. Niliitaka nafasi ile kufa na kupona. Mkubwa wetu akasema atakayesoma sahani ya mtihani bila kosa ndiye atakayekwenda.

Mimi yangu niliisoma bila kosa. Zamu ya yule msichana ilipofika, alipigiwa simu: mama yake amelazwa Kakuma.

"Dada, hii sahani niwekee kwa friji. Mimi nakuja," akasema, akatoka nje kuongea.

Sikuiweka. Niliitazama ikiiva mezani zaidi ya saa nzima, moyo ukinidunda kwa raha mbaya. Niliposikia hatua zake nikaitia kwenye friji upesi. Aliitoa, akaona vidoa vitupu, akaandika kwamba virusi havishiki.

Barua ikatoka kwa jina langu.

Asubuhi ya safari alikuja kunisindikiza uwanja wa ndege.

"Ejok, dada," akanisalimu kwa Kiturkana. "Huko wataalamu ni wengi. Waulize mimi nilikosea wapi, halafu uniambie."

Nikasema nitawauliza. Ndege ilipoanza kusogea nilimwona kwenye uzio akinipungia mkono kwa furaha ya kweli, na wivu ukanikaba kuliko siku zote.