Kadi za Jumapili

Mama yangu mdogo alifanya kazi kwa dobi tangu usichana wake, na pale kaunta hakuhitaji vikaratasi vya namba. Mteja akisukuma mlango tu, yeye ameshainuka kwenda kwenye nguo zilizotundikwa. Shati la mistari la mwalimu, lenye kola iliyochakaa. Suruali nyeusi ya dereva wa hospitali, yenye pindo lililoshonwa kwa mkono. Alizijua nguo za watu hata zikiwa zimepangwa mia kwa pamoja. Jicho hilohilo ndilo alilolipeleka kwenye kadi kila Jumapili, na ndilo lililompa jina la Umeme.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa, kasheshe ni kuushinda. Kadi ni za duara, na kila moja imejaa picha ndogondogo: funguo, jogoo, mwavuli, mkasi, kobe. Ukichukua kadi mbili zozote, kuna picha moja tu iliyo kwenye zote mbili. Kadi inafunuliwa katikati ya meza; wa kwanza kuiona picha iliyo pia kwenye kadi yake anapiga meza, anaitaja kwa sauti, anazoa. Ukipiga bila kutaja, umekosa. Sheria hiyo aliiweka Umeme mwenyewe, kwa sababu Bi Keki, muuza keki wa mtaani kwetu, alikuwa na tabia ya kupiga kwanza na kutafuta baadaye.

Walikuwa wanne: Umeme, Bi Keki, nesi mmoja mstaafu, na msusi mwenye saluni walimochezea, siku ambayo saluni imefungwa. Mimi nilikuwa nikimsindikiza mama mdogo, nakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na kucheka.

"Huyu si mtu, huyu ni mashine!" Bi Keki alikuwa akilalamika.

"Mashine unayo wewe ya kukorogea unga," Umeme anamjibu. "Lete kadi."

Kisha Jumapili moja alipiga meza wa kwanza, kama kawaida yake, akabaki mdomo wazi. "Hii... hii ya mvua."

"Mwavuli!" nesi akapaza sauti, akazoa. Tulicheka wote, naye akacheka.

Lakini maneno yaliendelea kumtoroka. Jicho linaona, mkono unaruka, jina haliji. Hata kwa dobi ikawa hivyo: anainua shati la mtu lenyewe hasa, halafu anashindwa kumwita mwenye shati kwa jina. Bosi akamhamishia chumba cha nyuma kupiga pasi, eti apumzike kidogo. Kwa nesi hatukwenda kuuliza, na nesi, aliyekuwa akiona yote yale, hakutuambia neno.

"Kule nyuma ni mvuke tu," mama mdogo aliniambia. "Pale mezani bado mimi ni mtu."

Ndipo simu zikaanza. Msusi alisema kadi zimepotea. Jumapili iliyofuata, nesi anaumwa mgongo. Iliyofuata tena, saluni inapakwa rangi. Umeme alisikiliza hiyo ya rangi hadi mwisho, akashukuru, akakata simu, akachukua mkoba wake. "Twende tukaone hiyo rangi," alisema.

Tulisikia sauti kabla hatujafika mlangoni. "Kobe!" "Funguo!" "Jogoo, jogoo, nimewahi mimi!" Kiganja kikatua mezani, vicheko vikafuata. Mama mdogo alisimama kidogo, mkono kwenye kitasa. Mimi nilitaka turudi. Akasukuma mlango.

"Kumbe zimepatikana," alisema.

Kwenye kiti chake alikuwa amekaa mkwe wa msusi, ambaye aliinuka haraka kama aliyekalia moto. Kuta zilikuwa na rangi ileile ya siku zote.

"Karibu dada," msusi alisema. "Tumeziona leo hii, nyuma ya draya ya nywele..."

"Gaweni."

Wakagawa. Husemwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawa walimfaa alipokuwa akishinda. Ningewasamehe kama wangecheza. Hawakucheza. Kadi ilifunuliwa, na mimi niliyesimama nyuma niliona mkasi kwenye kadi ya Umeme, na wao nyuso zao zilionyesha kwamba kila mmoja ameshaona picha yake. Hakuna aliyenyanyua mkono. Bi Keki, mwenye pupa kuliko wote, alikuwa ameikalia mikono yake.

Umeme akapiga meza. Akafungua mdomo. Hatimaye akainua vidole viwili, akavifungua na kuvifunga, mbele ya msusi anayeshika mkasi asubuhi hadi jioni.

"Umeshinda, dada," msusi alisema kwa upole, akimsogezea kadi. "Chukua."

"Sijataja."

"Si kitu. Tunacheza tu."

"Sijataja," alirudia, akairudisha kadi katikati ya meza. Akainuka. Hakuna aliyemwambia akae.

Tulishika njia ya nyumbani. Tulikuwa tumeshapita duka la dobi aliposimama ghafla na kuupiga mkoba wake kwa kiganja.

"Mkasi!"

Wapita njia waligeuka. Nikamshika mkono. "Ndiyo, Mama Mdogo," nilimwambia taratibu. "Ni mkasi. Umepatia."

Akauchomoa mkono wake.

"Na wewe umeanza kama wao," alisema.