Grinder ndogo, disc ya grinder kubwa, na jicho langu la kushoto

Wakuu, sasa. Poleni na kazi.

Nyuzi zenu za mafundi nazisoma kitambo bila kuandika kitu. Leo naandika. Shule niliacha mapema, mkiona makosa mvumilie. Lakini chumvi sijaongeza.

Nilikuwa fundi wa chuma Nakuru, karakana moja nyuma ya reli. Milango, mageti, stendi za tangi. Foreman alikuwa Barasa. Namtaja, na akisoma asome. Mwenye alikuwa ananishikia chuma ni Mwangi, rafiki yangu. Huyo hata watoto wake walikuwa wananiita uncle.

Sasa mnajua ile tabia yetu. Disc ya grinder kubwa, ile sahani ya kukatia chuma, ikilika nusu, hatutupi. Tunasema bado iko na nyama. Tunaifunga kwa grinder ndogo.

Lakini haiingii mpaka utoe gadi, kile kifuniko cha kukinga mkono na uso. Barasa alikuwa ametoa gadi zote, zinaning'inia ukutani kwa waya kama picha za marehemu.

Shida ni hii. Grinder ndogo inazunguka haraka kuliko ile kubwa. Hiyo disc haikutengenezewa hiyo mbio. Imeandikwa pale juu yake, lakini nani husoma disc?

Siku hiyo tulikuwa na geti ya mtu wa Kuresoi, lori iko nje inangoja. Nikauliza, "Boss, disc ndogo hakuna? Na miwani iko wapi?"

Barasa akacheka. "Miwani ya nini, mzee? Unaenda harusi? Kata hiyo kitu. Ukiogopa cheche, rudi kwenu upande viazi."

Karakana yote ikacheka. Mwangi pia.

Nikakata.

Ilikuwa bomba refu, Mwangi ameshika ule upande wa kuanguka. Ukimshikia mtu hivyo, unaacha kipande kishuke pole pole ndio mkato ufunguke. Mwangi aliona kinaenda kuanguka, akainua. Mkato ukafunga, ukabana disc. Grinder ikaruka, disc ikapasuka.

Uchungu sikusikia. Nilisikia grinder bado inalia chini kwa simiti, na mtu anapiga kelele, "Zima! Zima stima!"

Jicho la kushoto halikupona.

Wakuu, hiyo ya kuinua nilimsamehe Mwangi hata kabla nitoke wodi. Mkono wa mtu hukosea.

Kile sijasamehe ni hiki. Mwenye karakana alipouliza, Barasa alisema gadi nilitoa mwenyewe, na miwani nilipewa nikakataa. Akamwita Mwangi. Mwangi akaangalia viatu vyake, akasema, "Ni hivyo."

Nikafutwa kazi. Mwangi hakuja kuniona. Tulikutana mara moja sokoni, akapita upande wa jicho lililokufa akidhani sitajua. Nilimjua kwa kikohozi.

Siku hizi niko Kamere, chumba kimoja. Asubuhi majirani wa mashamba ya maua wakienda kazi, ploti inabaki ya kuku na mimi.

Nina grinder yangu ndogo. Gadi haitoki, hata nibembelezwe aje. Navaa miwani, na juu yake kile kioo cha kufunika uso, maana jicho ni moja. Nguo za kuning'inia sivai. Disc ni saizi yake, na ikiwa mpya naiacha kwanza izunguke bure, mimi nimesimama kando. Mikono yote miwili kwa mashini. Kubadilisha disc, plagi inatoka kwanza.

Na ile disc nyembamba ya kukata, usiitumie kugrind, yaani kusugua chuma, kwa ubavu wake. Itavunjika.

Chuma nakifunga kwa clamp, kile kibano cha kukaza kwa meza. Upande wa kuanguka nauacha huru, ushuke wenyewe.

Clamp inashika kuliko Mwangi. Haiinui, haidanganyi. Lakini naweza maliza siku nzima bila mtu kuniambia hata, "Fundi, pumzika kidogo."

Funzo nililotoa hapo: disc kubwa iliyolika, itupe. Foreman akicheka, acha acheke, kicheko hakitoboi jicho. Na ukiona mwenzako ameumia, sema vile uliona.

Nyinyi mko karakana mngefanya nini kwa Mwangi? Andikeni hapo chini. Hata ikiwa ni matusi, andikeni tu. Jioni huwa niko.