Kabula anaitaka siku ya mnada

“Hivi Kabula, mwenzio anatia nini kwenye pombe yake?”

Suzana, jirani yake, alimuuliza hivyo kisimani, akicheka. Kabula hakucheka. Swali lile linamkereketa mpaka leo.

Saa tisa alasiri, Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, Kabula Manyanda anakamua machicha ya komoni, pombe ya mahindi, mikono imezama hadi viwikoni. Ni zamu yake. Katika kilabu hiki cha pombe kila mama ana siku yake ya kuuza. Siku ya mwenzako huingizi hata kikombe.

“Anatia maneno matamu,” anasema sasa, macho yakiwa kwa Minza, mpika pombe mwenzake, anayeanika kimea ng’ambo ya njia. “‘Karibu shemeji, kaa hapa baba.’ Mimi sina ulimi huo. Mimi nina pombe.”

Kabula, ambaye sasa ni mjane, alihamia hapa na mumewe na ng’ombe kutoka Usukumani. Ng’ombe walikwisha kwa ugonjwa, mume naye akafuata. Komoni ndiyo inayomsomesha binti yake, Aneth, anayejifunza uuguzi. Zamani zamu moja ilimwachia elfu arobaini. Siku hizi akipata kumi na tano anamshukuru Mungu.

Kisa ni saa mbili. Mwaka jana, baada ya mlevi aliyelala barabarani kukanyagwa na pikipiki, serikali ya mtaa ilipiga marufuku kuuza pombe kupita saa mbili usiku. Mama mmoja akikiuka, kilabu kinafungwa kwa wote.

“Wateja wangu wakulima. Watoke shamba, waoge, wale, ndiyo waje. Wakifika, mlango huo unafungwa. Wa Minza ni mafundi na bodaboda, saa kumi wameshajaa. Na bado hashibi! Juzi nimeona vikombe vinatolewa mlango wa nyuma, saa mbili imeshapita.”

Anajua kutamani cha jirani ni dhambi. “Kila Jumapili nasikia. Nikitoka kanisani namwona na kitenge kipya, natamani tena.”

Kabla wateja hawajaingia, Josephina, mama mkubwa wa wapika pombe, anawaita wote ndani. Uvumi umemfikia.

“Nyie, nani kauza baada ya saa mbili?”

“Muulizeni Kabula,” Minza anatania. “Koo linamuwasha tangu asubuhi.”

Wanacheka. Kabula anajifuta mikono kwenye kanga.

“Kesho mnada, na zamu ya Minza. Siku ya mnada hata mkulima anakunywa mchana. Nipeni siku hiyo iwe yangu daima, nami nitasahau mlango wa nyuma.”

“Mwanangu, huko ni kumkaba mwenzio,” anasema Josephina.

“Basi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tufungiwe, tulale njaa wote.”

“Na Aneth akikosa ada?” anauliza Minza, sasa bila utani.

“Akose.”

Hakuna anayecheka tena.

“Chukua mnada,” anasema Minza.

Hapo hapo Kabula anaanza kupanga kwa sauti: atapika mapipa mawili, ada ya Aneth itatimia kabla ya Krismasi, na yeye naye atanunua kitenge. Bado anaongea wakati Minza anaokota kanga yake, anapita katikati ya madumu, na kutoka.