Chatu Watatu na Mama Mkwe

Wajukuu zangu wananiuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwa nini. Nilikuwa yaya, nawajibu. Watoto watatu, hawalii, hawakojoi kitandani, hawana miguu.

Enzi za Mwingereza nilifanya kazi Moshi mjini kwa bwana mmoja wa kilimo, msomi kweli, aliyekuja kutufundisha sisi Wachagga kutunza kahawa. Vibarua wa huko chini, njia ya Himo, walimletea chatu watatu wachanga, wembamba kama kidole gumba changu. Mwenye akili zake angewatupa mbali. Bwana aliwatengenezea kasha la mbao lenye kioo mbele, akawawekea taa ya mafuta ubavuni. Kwetu Marangu tulilala watano kitanda kimoja, bila taa.

Taa ikalikausha kasha. Chatu walipofika wakati wa kujivua gamba, ngozi ilitoka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani, na mmoja gamba likamng'ang'ania machoni, haoni kitu. Bwana akasoma kitabu. Kitabu kikasema unyevu. Basi nikaamriwa kunyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni, mpaka kasha likawa kinamasi: kuvu kwenye mbao, malengelenge kwenye matumbo ya chatu. Bwana akasoma kitabu tena.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini nimezaliwa mgombani. Nikabandua ganda la shina la mgomba, lile linalotunza maji kama sifongo, nikalikunja kibanda, nikalisukuma kona ya mbali na taa. Kwingine nikaacha pakavu. Anayetaka ubaridi aingie, anayetaka joto atoke. Yule asiyeona alijificha humo siku nne, akatoka ameacha gamba zima, macho yanang'aa. Bwana akaandika barua kwao Ulaya kueleza ugunduzi wake.

Shida ni kwamba nilikuwa nimechumbiwa, na mchumba nilimpenda, siwafichi. Habari zikapanda mlima mpaka kwa mama yake: binti anaogesha majoka. Akatuma neno kwamba mikono inayoshika nyoka haitampakulia yeye chakula. Siku ya soko akashuka mwenyewe, kwa miguu, kuja kuvunja uchumba.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alitaka kwanza aone kwa macho yake, apate cha kumweleza mwanawe. Nikampeleka kwenye kasha. Alisimama mbali, kanga mdomoni. Akasogea hatua moja, halafu nyingine. Nilidhani anawatafuta nyoka.

"Hili ganda umelitoa mgomba gani?"

Nikamwambia, ule wa uani, mama, wa ndizi za kuivisha.

"Ndiyo maana limeoza. Ganda hutolewa kwenye mshare, mgomba wa ndizi za kupika, tena uliokwisha kuvunwa. Lina siku ngapi hili?"

"Tano, mama."

"Tano," akarudia, kama hakimu anayesoma hukumu. Akaniagiza kisu.

Basi yule aliyekuja kunikataa akachuchumaa nyuma ya jiko la Mzungu na gauni lake la kanisani, akabandua maganda ya mshare uliokwisha kuvunwa pale, akiyatupa ya nje, akichagua ya ndani, akinung'unika kwa Kichagga kwamba wasichana wa siku hizi hata mgomba hawaujui. Bwana akapita, akadhani nimeajiri msaidizi, akamsalimu. Naye hakuitikiwa.

Nikaweka ganda jipya kashani. Akanikamata mkono, akanipeleka kwenye majivu ya jikoni, akanisimamia ninawe mpaka kwenye viwiko, mara tatu. Uchumba hakuutaja, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Halafu akasema ametembea tangu alfajiri, au katika nyumba hii wanaolishwa ni nyoka peke yao?

Nikampakulia mtori wa ndizi na nyama niliopika mwenyewe. Aliangalia bakuli, akaangalia mikono yangu, akaangalia tena bakuli. Akala mpaka mwisho. Akasema chumvi haitoshi, na kwamba mwanawe huwa anataka izidi kidogo.