Bass wa Njeri

Juzi niliona tangi la samaki kwa kinyozi hapa Nakuru, nikamkumbuka samaki aina ya bass wa binamu yangu Njeri. Tulipokuwa watoto, baba yake alimleta kutoka Naivasha ndani ya ndoo, akamtia kwenye tangi, na sebule yao yote ilinuka ziwa. Njeri alidondosha mnyoo anayejinyonganyonga, samaki akammeza kwa ule mdomo mpana, pwaa! Mimi nilidondosha omena, dagaa mkavu niliyemchagua kwa makini, asiyekatika hata mkia. Samaki hakugeuka.

“Wewe hakutaki,” Njeri alicheka. “Ananijua mimi tu.”

Nilimwamini. Siku hizi najua bass hufuata chakula kinachosogea. Jioni ile nilimwambia Mama nataka samaki wa kufuga. Kumbe nilimtaka yule yule, na Njeri asimame kando aone samaki akinijia mimi.