Kigari Chini ya Kifaru

Dereva mstaafu wa basi huunda mandhari ndogo za vita juu ya mbao, sebuleni kwake katika mji wa Arnhem, Uholanzi. Kila kifaru cha plastiki hukipaka rangi mpaka king'ae, kisha hukichafua kwa unga wa chaki na masimbi ya kahawa, maana hakuna kifaru, asema, kilichopigana kikiwa kimeoshwa. Vidole vyake ni vinene, lakini kibanio anachoshikia vipande hakitetemeki. Hupumua kwa pua, polepole. Joost, mwenyekiti wa chama chao cha waunda mandhari hizo, alipokuja kukagua kazi kabla ya maonyesho, alikuta kigari cha mtoto kimepondwa chini ya minyororo ya kifaru.

"Kitoe hicho, mzee. Watu wanakuja kuona vifaru."

"Na vifaru vilipita wapi, Joost? Hewani?"

"Familia zinakuja na watoto, bwana."

"Ndiyo maana nimekiweka."

"Basi meza kwenye maonyesho hupati."

Dereva alichovya ncha ya sindano kwenye gundi, akadondosha tone chini ya gurudumu lililopinda, akalikandamiza kwa kidole mpaka likashika.

"Nitasimama mlangoni nimeubeba ubao huu," akasema. "Kila anayeingia atanipita mimi kwanza."