Mtoto Aliyesoma "Meamea"

Dafrosa alirudi kutoka shule jua halijafika utosini, mikono kaikunja kifuani. Mama yake, Verdiana, alikuwa uani anamenya mihogo ya kuloweka. Akaweka kisu chini.

"Hebu nione hiyo mikono."

Viganja vilikuwa vimevimba, alama za fimbo zimepishana juu yake.

"Mwalimu kasema nisirudi," mtoto akasema. "Kasema nina kichwa cha boga, nikalime."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Baba yake Dafrosa, Fabiani, alikuwa Mpanda kwenye machimbo ya madini ya risasi, na nyumbani alionekana mara mbili kwa mwaka. Shamba na watoto vilikuwa juu ya Verdiana, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye majirani wa kitongoji kile kando ya kijiji cha Kasekese walimwita Pilipili, ila si mbele yake. Shule yenyewe ilikuwa banda la nyasi la kigango, na mwalimu wake alikuwa mmoja tu, Leodgar, mtu wa viatu vyeusi na kaptula iliyopigwa pasi. Dafrosa alikuwa ameanza mwaka wa pili pale.

Verdiana alichukua kijiti, akaandika mchangani: mama.

"Soma."

Dafrosa akafuata kwa kidole. "Me. A. Me. A." Akameza mate, maana alijua kinachokuja. "Meamea."

Kofi likamshukia kabla Verdiana hajafikiri. Mtoto hakulia. Aliinama tena pale pale mchangani.

"Mama, hii si inaitwa me? Na hii a? Hii tena me, hii a. Mimi nimesoma ilivyo."

Verdiana akayatazama maandishi yake mwenyewe kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Mtoto alisema kweli. Ukimpa mtu me na a, kisha me na a tena, ukamwambia aunganishe, atapata nini kama si meamea? Na baba itakuwa beabea. Mwaka mzima mwanawe alikuwa akisoma sawasawa kile alichofundishwa, akachapwa kwa hicho, na leo mama yake naye kaongeza lake.

"Nisamehe," akamwambia. "Nimekupiga bure."

Kisha akaenda kumaliza mihogo, na kisu kilivyokuwa kikilia katika ile mihogo, hata kuku walikaa mbali.

Yeye mwenyewe alijifunza kusoma utotoni kwa katekista mmoja aliyeitwa Bartolomeo. Mzee yule alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama midomoni, likavutika, mpaka wanafunzi wakalia kwa kucheka: "Mmmmm-a. Mmmmm-a. Mama." Jina la herufi hakulitaja kamwe, alitoa mlio wake, ukamkwama, ukakutana na irabu, neno likatoka. Watu walimdharau. Lakini katika watoto wake hakubaki hata mmoja asiyejua kusoma. Verdiana hakuwahi kujiuliza kwa nini, hadi siku ile.

Kesho yake asubuhi akamkalisha Dafrosa kwenye kinu kilicholazwa. "Sahau majina. Funga mdomo, uvume. Mmmm. Sasa fungua: a. Bila kupumzika katikati."

"Mmmma."

"Tena."

"Mmma. Mama." Mtoto akainua uso. "Mama! Kumbe ni mama!"

Ikafuata s, inayolia kama maji yakimwagikia figa la moto. Ikafuata b, ambayo haivutiki, unabana midomo halafu unaipasua. Mwezi haujaisha Dafrosa alikuwa akisoma maneno ambayo hajawahi kuyaona, polepole, jasho puani.

Habari haina kificho. Watoto wengine sita waliofukuzwa kwa vichwa vya boga waliletwa na mama zao, mmoja baada ya mwingine, na ua wa Verdiana ukajaa mingurumo na miluzi. Siku ya tisa tangu waanze kuja, Leodgar akafika, viatu vyeusi na vumbi lake. Hata hodi hakupiga.

"Mama Dafrosa, nani amekupa ruhusa ya kufundisha?"

"Karibu, Mwalimu. Nani amekupa wewe ruhusa ya kuvimbisha mikono ya mwanangu?"

"Mimi nina cheti! Wewe unawafundisha kulia kama mbuzi. Msimamizi akija nitakushitaki."

"Mshitakie. Mimi nitakuwepo."

Msimamizi wa shule za misheni, Bwana Telesphor, alifika kwa baiskeli mwishoni mwa muhula. Wazazi wakakusanyika bandani. Leodgar alimsimamisha Krispini, aliyekuwa wa kwanza darasani, mvulana mpole aliyevaa shati lililoshonwa upya. Krispini akashika kitabu, akamwaga ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Watu wakapiga makofi.

Verdiana akasimama. "Bwana Msimamizi, naomba asome neno moja tu. Hili hapa, mstari wa nne."

Krispini akalitazama neno. Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza kimyakimya. Alikuwa amerudi mwanzo wa ukurasa, akiuimba moyoni ili afike mstari wa nne. Njiani akapotea, akaanza upya, machozi yakimlengalenga.

"Kaa, baba," Verdiana akamwambia kwa upole. Kisha akamgeukia Leodgar, na upole ule ukamwisha. "Mtoto huyu hana kosa! Umempa wimbo, ukamwambia ni kusoma. Wengine wasioweza kuimba umewapiga. Nyie wote mmeona!"

Telesphor akaandika ubaoni neno lake mwenyewe, kibuyu. Dafrosa akaungaunga milio, akasimama katikati, akarudi, akalisoma. Hakupigiwa makofi, maana watu walikuwa wakimwangalia mwalimu.

Hukumu ya Telesphor ilikuwa ya mtu anayetaka kuwahi safari. Watoto saba warudishwe shuleni. Verdiana asifundishe tena, kwa kuwa hana cheti. Na amwombe mwalimu radhi mbele ya watu, kulinda heshima ya kazi.

"Mimi nilimpiga mwanangu kofi moja bure, nikamwomba radhi," Verdiana akasema. "Mwalimu amewapiga saba mwaka mzima. Aanze yeye. Akimaliza, na mimi nitaomba."

Leodgar alitazama viatu vyake. Radhi haikuombwa na upande wowote, na Telesphor akapanda baiskeli.

Muhula uliofuata, mmmm na ssss zilisikika kutoka bandani kwa mwalimu. Fimbo ilipungua, ingawa haikwisha. Mwaka ulipogeuka, ikasemekana Leodgar amesifiwa mbele ya walimu wenzake kwa njia mpya aliyoibuni mwenyewe. Verdiana aliambiwa kisimani. Akatua mtungi kwa kishindo, maji yakaruka.

Fabiani aliporudi likizo alijaribu kumtuliza. "Mke wangu, watoto si wanasoma? Achana naye."

"Wanasoma, nashukuru," akajibu. "Na mimi nina hasira. Usiniambie nichague kimoja."

Ule ua haukufungwa. Ubao hakuwa nao, basi alitumia mlango na vipande vya mkaa. Krispini alikuwa wa kwanza kuja, akitoka shuleni, akakaa na wadogo waliomfika kiunoni. Ilimchukua miezi mitano kujifunza upya, maana ilibidi kwanza asahau. Wakati wa mavuno alisimama mbele ya ule mlango, akasoma maneno sita kutoka chini kwenda juu, bila wimbo, kisha akaomba ayafute mwenyewe.

"Futa," Verdiana akasema. "Nikuandikie mengine."